Koti la Mwinjilisti

Muuaji katika vitabu vyangu huwa namjua kabla sijaandika neno la kwanza. Nikishakamua ng'ombe na kupeleka maziwa barabarani, nakaa kwenye meza iliyo dirishani, nafungua daftari, na katika ukurasa wa mwisho kabisa naandika ni nani aliyefanya, alifanya nini na atatubu vipi. Kisha narudi ukurasa wa kwanza na kuanza kumficha.

Kutubu ni lazima. Vitabu vyangu huuzwa kwenye meza nje ya kanisa baada ya ibada, na katika duka moja la vitabu vya dini mjini Nakuru, na wasomaji wangu hawataki mtu anyongwe kabla hajapiga magoti. Mpelelezi wangu ni mzee wa kanisa wa zamani za wazungu, anayezunguka mashamba ya Bonde la Ufa kwa baiskeli, Biblia mfukoni na penseli sikioni. Ameshatatua kesi saba. Mimi mwenyewe ni mtu wa kidato cha nne, karani mstaafu wa ushirika wa maziwa, na sijawahi kutatua kitu zaidi ya hesabu ya mikebe.

Kitabu cha tano ndicho ninachotaka kusimulia habari zake. Katika kitabu hicho nilimhukumu mtu asiye na hatia, na watu wakamhukumu binti yake pamoja naye.

Ninaishi mahali nilipozaliwa, juu ya Njoro, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea msitu wa Mau. Lilikuwa shamba la mzungu mmoja. Sasa ni vipande vya ekari mbili unusu, na kila kipande kina ng'ombe, viazi na mtu anayekumbuka. Siku isiyo na ukungu unaliona Ziwa Nakuru kule chini, ambalo miaka hii limefura na kumeza miti, nayo imekauka ikiwa wima majini, kama watu waliosahau walichokuja kuchukua. Lakini siku nyingi kuna ukungu, na huoni zaidi ya ua wako.

Nilipokuwa na miaka sita hivi, mwinjilisti wa shamba alipotea. Alikuwa kijana mrefu, mgeni kwetu, ametumwa na misheni akiwa na Biblia na koti la sufu la kijivu. Katika baridi ile, watu waliliona koti kabla ya kumwona yeye. Kanisa lilikuwa la udongo, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti wa mtarakwa. Jumapili moja ya mvua kengele haikulia. Watu walingoja mpaka wakachoka, wakaenda kumwangalia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, Biblia iko mezani, koti halipo. Mzungu akasema kijana ametorokea mjini. Polisi walikuja siku moja tu, wakaandika kidogo, wakaondoka na kuku wawili. Ikawa basi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna aliyewahi kumwona tena.

Jumapili iliyofuata kengele ililia. Aliyeigonga alikuwa baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kanisa. Aliigonga kila Jumapili hadi mikono ikamwishia nguvu, na kila mara aliweka nyundo chini na kurudi nyumbani kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Hakuingia ndani hata siku moja. Sisi wanawe tulijivunia kwamba baba yetu ndiye mwenye kengele.

Nilipoketi kuandika kisa hicho nikiwa mzee, nilihitaji muuaji, na sikutafuta mbali. Shamba lilikuwa na mnyapara, na mnyapara hapendwi na mtu. Wetu alikuwa na jicho moja jeupe na filimbi ya shaba shingoni, na alituamsha sote kwa filimbi hiyo. Nikachukua jicho, nikachukua filimbi. Jina nilibadilisha. Nilidhani kubadilisha jina ni kumficha mtu.

Kitabu kilinunuliwa kuliko vyote vilivyotangulia. Mama mmoja anayefunga maua katika shamba la maua huko Karagita alinipigia simu kusema amekisoma mara mbili na sasa anaogopa kupita karibu na makaa. Alikuwa anasema juu ya sura ya saba. Katika sura hiyo mnyapara anabeba koti la marehemu hadi kwenye draya, jengo tulilokaushia maua ya pareto, na kulitia katika tanuri. Niliandika jinsi sufu ilivyoungua polepole, jinsi harufu yake, kama ya nywele na pembe, ilivyotoka kwa bomba la moshi ikichanganyika na harufu ya maua, ikatambaa hadi laini, zile safu za vibanda vya wafanyakazi, na kukaa katika blanketi za watu siku mbili. Mchungaji wetu wa wakati huo alinishika mkono nje ya kanisa.

"Mzee, harufu hiyo umeitoa wapi?"

"Ni kipawa tu, Mchungaji," nikasema.

Wengine waliuliza swali jingine. Wazee niliokua nao walinivuta kando, wakasema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo ni yeye? Yule wa filimbi?" Jibu la kweli lilikuwa fupi: sijui, nilibuni. Mimi nilitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejua mengi asiyoweza kusema, na nililitoa mara nyingi, kwa sababu lilinifanya nionekane mkubwa kuliko kitabu changu.

Mnyapara alikuwa amekufa zamani, lakini binti yake yuko hapa, katika nyumba ya mbao aliyoijenga baba yake. Amenizidi miaka mitatu. Utotoni watoto wa shamba tuliitwa kwa kazi za baba zetu. Yeye alikuwa wa Filimbi. Mimi nilikuwa wa Draya, kwa maana baba yangu ndiye aliyechochea moto wa draya. Tulizeeka tukiitana hivyo.

Hapa kwetu kila Alhamisi mchana kuna ushirika wa maombi wa nyumba kwa nyumba. Kuna orodha. Ikifika zamu yako unafagia, unaazima viti, watu wanakuja na sukari na maziwa, wanaomba, kisha unawamwagia maji mikononi na kuwapa chai. Kunywa chai ya mtu ni sehemu ya maombi. Hakuna aliyeandika hivyo popote, lakini kila mtu anajua.

Miezi michache baada ya kitabu kutoka, zamu ilifika kwa wa Filimbi. Tuliimba, tukaomba. Akaja na birika la maji ya kunawa, na mama wa kwanza akarudisha mikono kwapani.

"Mimi leo nimefunga, mama."

"Na mimi," akasema wa pili.

"Hata mimi niko kwa maombi ya kufunga."

"Haya, mmefunga nyote?" wa Filimbi akacheka. "Hata wewe? Si nimekuona asubuhi kwa kioski, mandazi mkono huu, mandazi mkono huu?"

Wachache walicheka. Hakuna aliyenyoosha mikono. Alizunguka chumba kizima na birika lile, mtu kwa mtu, na kicheko kilimwisha alipofika katikati. Mimi nilikuwa wa mwisho, karibu na mlango.

"Na wewe, wa Draya?"

Nilikuwa nimekunywa uji na kula viazi vitamu viwili. "Nimefunga, dada," nikasema.

Mzunguko uliofuata, orodha ilitoka nyumba iliyo kabla ya yake ikaenda nyumba iliyo baada ya yake. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza.

Alikuja kwangu baada ya mwaka na zaidi. Ilikuwa saa tisa mchana, ukungu umefika mpaka dirishani, na nilisikia fimbo yake kabla ya kumwona.

"Hodi, wa Draya."

"Karibu, wa Filimbi. Keti."

"Nitakaa, si kwa kukupenda. Ni pumzi." Akakaa. Alikuwa na kitabu changu, amekivika gazeti kama kitabu cha shule. "Daktari wa Nakuru amesema moyo wangu umekuwa mkubwa. Nikamwambia aje awaambie majirani, wao wanadhani sina."

Sikujua kama nicheke. Alifungua sura ya saba, mahali alipokuwa ameweka unyasi.

"Hii ya koti kuchomwa. Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilibuni."

"Ulibuni." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Basi mimi nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa na miaka tisa. Siku zile mbili niliisikia harufu hii. Mama alitufunga pua kwa kitambaa chake, akasema kuna mtu anababua kichwa cha mbuzi. Mbuzi gani huyo anababuliwa siku mbili?"

Nje ng'ombe alikohoa. Nilisema kwamba labda tulisikia watoto wakisimulia.

"Tulisikia kwa nani? Hakuna aliyesimulia. Hata koti, watu walisema amelivaa akaenda nalo." Akafunga kitabu. "Na kitu kingine. Baba hakuwa hapa. Lile jicho lake ulilolipenda sana, lilichomwa na tawi la mtarakwa wiki hiyo hiyo. Alikuwa amelazwa Nakuru. Mwinjilisti alipotea baba akiwa hospitalini, kichwa chote kimefungwa bandeji. Filimbi yake ilipulizwa na mtu mwingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema! Nimewaambia mmoja mmoja. Wanasema, sasa mtoto atasema nini tena?" Alipumzika kidogo. "Na wanyapara hawakuwa na ufunguo wa draya. Ufunguo ulikuwa na mtu mmoja."

Hakumtaja. Aliinama kuokota fimbo yake, na aliposimama alisema, karibu kwa upole, "Mimi nilikuwa nakuita hivyo kwa mchezo tu."

Mlangoni akanieleza alichotaka. Mchungaji mpya alikuwa ameipata orodha ya zamani na kulirudisha jina lake bila kujua lolote. Alhamisi ya mwisho wa mwezi ushirika ungekuwa kwake. "Nataka watu wanywe chai katika nyumba ya baba yangu kabla sijatolewa humo nikiwa nimelala. Wewe sema tu kwamba ulibuni. Hayo mengine ni yako, sikuombi. Nusu inanitosha."

Alipotoweka katika ukungu nilikaa bila kuwasha taa. Sikuwa nakumbuka kitu, nataka hilo lieleweke. Nilikuwa najiambia kwamba mwanamke mzee amesoma kitabu mara nyingi mno hata kikaingia katika utoto wake. Kesho yake nilienda kuitazama draya.

Kuta zake za mawe bado zimesimama, na jirani huhifadhi viazi vya mbegu humo. Niliingia kupitia mahali palipokuwa mlango. Sijui kama watu wanajua hili kuhusu pareto: maua yale huua wadudu. Utotoni, ndani ya draya hakukuwa na nzi, wala buibui, wala nondo. Ulikuwa ukimya ambao mtoto anauona ajabu bila kujua kinachokosekana. Trei za waya zilipangwa kutoka chini hadi juu, maua meupe yakinyauka juu yake, na joto likikushika koo. Miaka hamsini tangu pareto ya mwisho kukaushwa hapo, niliangalia pembe zote za kuta zile na sikuona utando hata mmoja.

Ndipo nikaona mdomo wa tanuri, na mkono wangu ukajua uzito wa sufuria.

Nilikuwa nimempelekea baba chakula. Mama alikuwa amenipa sufuria ya ugali na mboga, imefunikwa. Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuri na chuma kirefu cha kuchochea, na kwenye ncha ya chuma kulikuwa na kitu cha kijivu kisichotaka kushika moto. Kilitoa moshi na kujikunja. Kifungo kimoja kilianguka, kikabingirika mpaka mguuni pangu, cha moto. Baba aligeuka. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umelowa, na mimi nilidhani ni jasho.

"Weka hapo," alisema. "Nenda nyumbani."

Niliweka, nikaenda. Harufu ilinifuata. Nikiwa mzee wa karibu miaka sabini niliiweka katika sura ya saba na kuiita kipawa.

Kuna jambo jingine, na hili sikuwahi kulisahau, ila sikulielewa. Baba yangu hakuvaa sufu. Katika baridi ya Mau, ambako mbwa huomba kuingia ndani, alitembea na shati la pamba na gunia mabegani. Tulidhani ni umaskini, halafu tukadhani ni ukaidi. Mshahara wangu wa kwanza wa ukarani nilimnunulia koti mjini Nakuru. Lilikuwa zuri, la kijivu. Alilishika kwa vidole viwili, akashukuru, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Usiku ule alihamia ghala la mahindi na kulala huko, na hakurudi kulala ndani hadi mama alipoliondoa. Nilimkasirikia kwa miaka. Nilisema mbele ya watu kwamba mzee wangu hana shukrani.

Je, baba yangu alimuua mwinjilisti? Sijui. Huenda alilikuta koti mahali na kuogopa lisije likaonekana naye. Wakati ule mtu alifungwa kwa kukutwa na kitu kidogo kuliko hicho. Huenda aliamriwa na mtu ambaye hawezi kukataliwa. Huenda ni yeye. Mpelelezi wangu angejua, angepanda baiskeli na kurudi na jibu kabla ya sura ya kumi na mbili. Mimi nilifungua daftari ukurasa wa mwisho, kama nilivyozoea, niandike ni nani. Nilikaa hapo mpaka maziwa ya jioni yakanisubiri. Ukurasa ule bado ni mweupe.

Nusu ingemtosha wa Filimbi, alisema. Nililijaribu jambo hilo kichwani siku nyingi. Ningesimama na kusema, ndugu zangu, ni hadithi tu. Watu wangetikisa vichwa, wangekumbuka tabasamu langu, na wangesema mzee amemhurumia mgonjwa. Nusu yangu isingeweza kumfikisha yeye kwenye kikombe kimoja. Hilo ndilo nililoliogopa, kwa sababu lililobaki lilikuwa kusema yote, na hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kuhusu kifungo. Nikinyamaza, baba yangu angebaki mwenye kengele milele.

Alhamisi ile chumba kilijaa, kwa sababu ya mchungaji mpya. Kabla ya maombi ya kufunga kikao niliomba nafasi. Nilisimama, nikashika mgongo wa kiti cha mtu.

Niliwaambia kuhusu hospitali na bandeji. Niliwaambia kwamba sikuwahi kujua lolote juu ya mnyapara, kwamba nilimchagua kwa kuwa hakupendwa, na kwamba walipouliza nilitabasamu tu. Kisha nikawaambia kuhusu sufuria, chuma na kifungo.

Mama wa mandazi, yule aliyeonekana kwa kioski, ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hivyo mzee unasema ni babako?"

"Nasema moto ulikuwa wake na koti lilikuwa ndani ya moto. Zaidi ya hapo sijui. Lakini mwenye nyumba hii alikuwa Nakuru."

"Na kitabu je?"

"Kitabu ni cha kubuni, na mimi niliwaacha mkiamini ni ushahidi. Kosa ni langu."

Hakuna aliyesema amina. Wa Filimbi aliinuka kwa fimbo, akachukua birika, akaja moja kwa moja kwangu karibu na mlango.

"Na wewe, wa Draya? Leo umefunga?"

"Leo sijafunga."

"Na siku ile?"

"Siku ile pia sikuwa nimefunga."

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa na kipande cha kiazi kwenye ndevu."

Alinimwagia maji. Niliposhika kikombe, mama wa mandazi alinyoosha mikono yake, bila kutazama mtu, na baada yake mwingine. Walikunywa mpaka birika la chai likajazwa mara ya tatu. Mimi sikuona ladha yoyote, lakini nilikunywa.

Zamu yangu ilikuwa wiki tatu baadaye. Nilifagia, nikaazima viti kumi na viwili, nikachemsha maziwa. Saa nane ukungu ulishuka. Saa tisa nikasikia wimbo, nikatoka nje, na haukuwa unakuja kwangu. Walikuwa kwa jirani, nyumba iliyo baada ya yangu. Sikushangaa. Nilirudi nikaketi kati ya viti.

Fimbo ya wa Filimbi niliisikia kabla ya wimbo wa pili. Aliingia bila hodi, akachagua kiti cha karibu na mlango, akanyoosha mikono. Nilimmwagia maji, nikampa chai, na tukanywa tukisikiliza wenzetu wakiimba ng'ambo ya ua.

Kisha aliinua uso na kunusa.

"Wa Draya, unachoma nini?"

"Sichomi kitu," nikasema. "Napika kwa gesi."

Akatazama jiko, akatazama nyuma ya mlango, pale penye msumari ule ambao baba alitundikia koti langu, sasa mtupu. Akavuta ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akajifunika pua, na kwa mkono mwingine akanisogezea kikombe nimwongeze.